Herufi Tano Mezani

"Mama, neno hili maana yake nini?" Wengi wetu tumekwisha kuulizwa swali hili jioni tukiwa jikoni, na wengi tumejibu, "Muulize baba yako," au, "Ngoja kesho umwulize mwalimu." Mtoto alipokuwa shule ya msingi tulikagua madaftari yake bila shida. Aingiapo kidato cha kwanza, karibu masomo yote hugeuka Kiingereza, na mama aliyesoma kwa Kiswahili hujiona amefungiwa mlango nje. Tusione haya kulisema. Linalouma zaidi ni pale mtoto anapoacha hata kuuliza.

Kuna mchezo mmoja ambao kwetu umeufungua mlango huo kidogo. Huko Marekani, fundi wa programu za kompyuta aitwaye Josh Wardle aliutengeneza kwa ajili ya mwenzi wake, Palak Shah, apendaye sana michezo ya maneno. Unaitwa Wordle. Kila siku hufichwa neno moja la herufi tano, na mchezaji hupewa nafasi sita za kulikisia. Kiingereza kina maneno ya herufi tano yapata 12,000, lakini mengi ni ya ajabu ajabu, hata wenye lugha yao hawayajui. Basi Bibi Shah akayapitia moja moja, hili nalijua, hili silijui, kama tuchaguavyo mchele kwenye ungo, mpaka yakabaki kama 2,500. Mchezo ulitolewa kwa watu wote Oktoba 2021. Tarehe 1 Novemba walicheza watu 90. Miezi miwili baadaye walikuwa 300,000, na mwisho wa Januari 2022 gazeti la New York Times likaununua.

Wenye simu huucheza humo. Sisi tulianza kwa karatasi na penseli. Mmoja huficha neno, mwingine huandika neno lolote la kweli la herufi tano. Herufi iliyo mahali pake huzungushiwa duara, iliyomo ila imekaa sipo hupigwa mstari chini, isiyokuwamo hukatwa.

Jioni moja binti yetu alificha neno. Tukaanza na "audio", yaani mambo ya sauti, kwa kuwa lina irabu nne. Akapiga mstari chini ya A na D, nyingine akazikata. Tukaandika "dream", ndoto. Hapo R, E na A zikapata duara, na D mstari. D haikai mwanzo wala katikati, na nafasi zilizosalia ni mbili tu, kwa hiyo ni ya mwisho. Yakabaki maneno mawili: "bread", mkate, na "tread", kukanyaga. Hilo la pili hatukulijua, mtoto ndiye aliyetufundisha. Tukachagua mkate, tukapata.

Sasa angalia hapo. "Dream" na "bread" yote yana E na A katikati, lakini la kwanza hutamkwa "drimu" na la pili "bredi". Kiswahili chetu husomwa kama kilivyoandikwa. Kiingereza hakina huruma hiyo. "Psalm", zaburi, lina P isiyosikika na L isiyosikika. "Queue", foleni, lina herufi tano na husomwa kama herufi moja tu, Q. Mtoto anayekosea imla ya maneno kama haya si mjinga, na pengine tungeyajua mapema tungepunguza ukali.

Yako pia yasiyo na irabu zetu hata moja: "nymph", binti wa hadithi za Wayunani akaaye mitoni, "crypt", chumba cha chini ya kanisa walimozikwa watu. Y ndiyo inayobeba sauti humo. Tena watoto hufurahi kusikia kwamba kamusi za Kiingereza zimechukua "bwana", "panga" na "kanga" kutoka kwetu, kila moja herufi tano. Siku ya kanga mama ndiye mwalimu.

Wachezaji wengi hupelekeana matokeo kila siku. Februari 2022, bibi mmoja wa miaka 80, aishiye peke yake pembezoni mwa Chicago, aliingiliwa usiku na mtu mgeni, akafungiwa katika chumba cha kuogea kwa saa nyingi. Bintiye alikuwa mbali, Seattle. Kila siku mama huyo alimtumia matokeo yake ya Wordle; siku hiyo hayakufika. Binti akaingiwa na wasiwasi, polisi wakaitwa, wakamkuta mama hai.

Tuliposoma habari hiyo binti yetu alikuwa amekwisha kwenda chuo. Zamani tulimpigia simu Jumapili kwa Jumapili, akajibu "nzuri, nzuri" mpaka salio likaisha. Siku hizi hututumia neno asubuhi, herufi zake zimevurugwa, nasi tunalipanga tukiwa tunachemsha chai. Wiki iliyopita siku mbili hazikuleta kitu. Tukapiga, alikuwa na malaria, hakutaka kutusumbua.