Peremende Moja Sasa, Mbili Baadaye

Katika Chuo Kikuu cha Stanford, jimboni California nchini Marekani, kuna shule ya chekechea iitwayo Bing. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtoto wa shule hiyo aliweza kuitwa kwenye chumba kidogo chenye meza, kiti na kengele. Mezani aliwekewa kitu kitamu, pengine biskuti, pengine ile peremende laini nyeupe iitwayo mashimelo.

Mtafiti alimweleza masharti. Mimi natoka. Ukinisubiri mpaka nirudi mwenyewe, utapata mbili. Ukichoka, gonga kengele nami nitakuja papo hapo, ila utapata moja tu. Kisha mlango ukafungwa.

Hakumwambia atakawia kiasi gani. Kumbe angeweza kukaa huko nje hata dakika 15, na kwa mtoto wa miaka minne huo ni muda mrefu kweli! Ukutani palikuwa na kioo. Mtoto aliona sura yake tu, lakini waliokuwa upande wa pili walimwona yeye. Wakawatazama watoto wakifumba macho kwa viganja, wakiimba, wakijisemesha, wakigeuza kiti wasiione peremende. Wengine walijaribu hata kulala.

Aliyebuni jaribio hilo ni mwanasaikolojia Walter Mischel. Watu wengi hudhani alitaka kujua nani mvumilivu na nani mlafi. Sivyo. Alitaka kujua ni nini kinachomsaidia mtoto kungoja. Alikuwa na dhana yake: mtoto akiiona zawadi mbele yake, atapata moyo wa kuisubiri.

Sasa hapa ndipo penye ufundi, kwa hiyo twende polepole. Mischel na mwenzake Ebbe Ebbesen waliwachukua watoto 32 wakawagawa makundi manne. Kundi moja liliziona zawadi zote, za sasa na za baadaye. Kundi jingine halikuona chochote. Mawili yaliyobaki yaliona zawadi ya aina moja tu. Mambo mengine yote, yaani chumba na maneno ya mtafiti, yalibaki vilevile. Na hawakusema, "Huyu mpole, aende kule." Ukiwajaza wapole katika kundi moja, likishinda hutajua limeshinda kwa upole wao au kwa sababu ya ulichokibadilisha. Ndiyo maana watafiti huwapanga watu kwenye makundi kwa bahati nasibu, kama vile kupiga kura.

Matokeo yalitoka mwaka 1970, na dhana ya Mischel ikaanguka chali. Walioziona zawadi zote walisubiri kwa wastani wa dakika moja hivi. Waliofichiwa walifika dakika 11. Yule aliyegeuza kiti alikuwa anajua jambo ambalo profesa hakulijua! Nami humheshimu zaidi Mischel kwa hilo kuliko kwa umaarufu wake wote: aliwauliza watoto kwa njia iliyowapa nafasi ya kumpinga, na walipompinga akayachapisha matokeo yao.

Umaarufu wenyewe ulikuja baadaye. Binti zake watatu walisoma Bing, na wakati mwingine aliwauliza habari za wenzao: fulani anaendeleaje? Akaanza kuhisi kwamba waliosubiri muda mrefu ndio waliokuwa wakifanya vizuri shuleni. Akawafuatilia, na mwaka 1990 yeye na wenzake wakatangaza kwamba uhusiano huo upo kweli, hata katika alama za mtihani wa kuingia chuo. Wazazi na walimu wakashangilia. Si wahenga walishasema mvumilivu hula mbivu?

Lakini tazama vizuri. Waliopatikana na alama zao za mtihani hawakufika 100. Wengi wao walikuwa watoto wa watu wa chuo kimoja kikubwa, wasiojua kukosa chakula. Tena, mambo mawili yakiandamana haina maana kwamba moja limelizaa jingine. Huenda yote mawili yana mzazi mmoja aliyejificha. Mwaka 2018 mtafiti Tyler Watts na wenzake walichukua kumbukumbu za watoto zaidi ya 900, wengi wao wenye mama ambao hawakumaliza chuo kikuu. Uhusiano ulionekana, ila kwa nusu tu ya ule wa zamani. Walipozingatia hali ya nyumbani na uwezo wa mtoto tangu udogoni, sehemu kubwa ya kilichobaki ikayeyuka.

Kuna msichana aliyewahi kuona kwa macho yake jinsi hali ya nyumbani inavyoweza kugusa subira ya mtoto. Celeste Kidd alijitolea katika makazi ya familia zisizo na nyumba huko California, akajisemea kwamba watoto wa pale wangeila peremende mara moja, wala wasingekuwa wajinga. Mahali ambapo kitu chako chaweza kuchukuliwa wakati wowote, cha kusubiri ni nini? Alipokuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Rochester, alilipima wazo hilo na wenzake kwa watoto 28. Kabla ya peremende, mtu mzima aliwaahidi kalamu za rangi nzuri zaidi, kisha stika nzuri zaidi. Kwa nusu yao alizileta. Kwa nusu nyingine alirudi mikono mitupu akiomba radhi. Ndipo peremende ikaja. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa, dakika tatu.

Kwa hiyo jaribio lililodhaniwa linampima mtoto lilikuwa linampima na mtu mzima pia.

Mtafiti Bettina Lamm na wenzake nao walilipeleka jaribio kwa Wanso, wakulima wa kaskazini magharibi mwa Kamerun. Mezani hapakuwa na mashimelo, ambayo watoto wale hawakuyazoea, bali andazi la mviringo linaloitwa puff-puff. Karibu watoto 70 katika kila 100 walisubiri, na baadhi yao wakapitiwa na usingizi palepale kitini. Kwa watoto wa Ujerumani waliopimwa pia, waliosubiri hawakufika 30 katika 100. Matokeo hayo yalichapishwa baada ya watu kuzungumzia subira ya watoto wa Stanford kwa miongo kadhaa kana kwamba ndiyo subira ya watoto wote duniani.

Ukitaka kulijaribu nyumbani kwa wadogo zako, waombe kwanza ruhusa wazazi. Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, na uandike kila dakika. Na lile andazi la pili unaloliahidi, hakikisha lipo.