California Ilianza na Watafiti

Itakumbukwa kwamba tarehe 9 Agosti, 2001, Rais George W. Bush wa Marekani alitangaza kuwa fedha za serikali kuu zitagharimia utafiti wa chembe shina za viinitete zilizokwisha kuoteshwa kabla ya siku hiyo tu. Chembe hizo changa huweza kugeuka kuwa chembe za damu, moyo au neva.

Wananchi wa jimbo la California hawakuridhika. Novemba 2004 walipiga kura jimbo lao likope dola bilioni 3 kwa hati fungani kwa ajili ya utafiti huo. Wapinzani wakakimbilia mahakamani, na hati hizo zikakwama hadi kesi zilipomalizika mwaka 2007.

Busara ilidhihirika katika dhiki hiyo. Fedha chache zilizokopwa kwa wahisani hazikujenga maabara. Aprili 2006 zilianza kufunza watafiti chipukizi katika vyuo vikuu na taasisi 16. Mwanajeshi hashangai: kuruta hafunzwi siku ya vita. Ruzuku kubwa za majengo zilifuata mwaka 2008. Mwaka 2020 wapiga kura waliidhinisha dola bilioni 5.5 zaidi, ingawa kwa wingi mdogo wa kura.