Kiharusi Kisicho na Kelele: Mishipa Midogo ya Ubongo Uzeeni

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote ambayo mtu huvuta, na kwa kuwa hauna akiba ya maana ya oksijeni wala ya sukari, uhai wake hutegemea damu inayoufikia dakika kwa dakika. Damu hiyo hupanda kwa ateri nne za shingoni, ambazo hukutana chini ya ubongo katika duara lililoelezwa na tabibu Mwingereza Thomas Willis mwaka 1664, kisha husambaa kwa matawi makubwa ambayo ndiyo huzungumzwa zaidi pale mtu anapopatwa na kiharusi: tawi linaziba au kupasuka, mdomo unapinda, mkono na mguu wa upande mmoja vinalegea, na jamaa wanamkimbiza mgonjwa hospitali. Yako madhara mengine, yanayotokea mara nyingi zaidi kuliko hayo, ambayo hayampeleki mtu hospitali hata kidogo.

Kutoka kwenye ateri kubwa huchipuka vijiateri vyembamba, vingi vikiwa na kipenyo kisichofika nusu milimita, vinavyopenya hadi katikati ya ubongo na kwenye mada nyeupe, yaani ile sehemu iliyojaa nyuzi za neva zilizofunikwa kwa utando wa mafuta, ambazo kazi yake ni kupeleka ishara kutoka eneo moja la ubongo hadi jingine. Mpangilio huu una udhaifu wa aina mbili. Kwanza, vijiateri hivi hutoka moja kwa moja kwenye shina nene, bila kupitia matawi ya kati ambayo yangepunguza nguvu ya damu, na kwa hiyo kuta zake hupigwa na shinikizo linalokaribia lile la ateri kubwa. Pili, haviungani vyenyewe kwa vyenyewe, hivyo kimoja kikiziba hakuna kingine cha kuziba pengo lake. Anayeijua mifereji ya kumwagilia mashamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro ataelewa kwa nini mada nyeupe ya ndani kabisa huathirika mapema, kwani maji yakipungua shamba la mwisho wa mfereji ndilo hukauka kwanza, hata kama kule juu kwenye banio hakuna aliyeona tofauti.

Shinikizo la damu likikaa juu kwa miaka mingi, misuli laini iliyo katika ukuta wa kijiateri hufa polepole na nafasi yake kuchukuliwa na nyuzi ngumu. Ukuta hunenepa, njia ya damu hupungua, na kijiateri hupoteza uwezo wa kutanuka pale sehemu fulani ya ubongo inapohitaji damu zaidi. Kisukari na uvutaji wa sigara huharakisha uharibifu huo. Kijiateri kikiziba kabisa, kipande kidogo cha tishu hufa na kuacha shimo lililojaa majimaji, lenye upana wa milimita 3 hadi 15, liitwalo lakuna; kikipasuka, damu huvuja, pengine kidogo tu na pengine kwa wingi wa kuua; na kikibaki wazi lakini kimebanwa, nyuzi za mada nyeupe hupoteza utando wake wa mafuta taratibu. Aliyezichunguza lakuna kwa subira kuliko wote ni Charles Miller Fisher, daktari Mkanada aliyefanya kazi Boston. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1965 alipitia bongo 1,042 za marehemu, akakuta lakuna katika 114, na karibu wote hao walikuwa wameishi na shinikizo la juu la damu.

Fisher alilazimika kungoja kifo ndipo aone. Kipimo cha MRI, kinachotumia sumaku yenye nguvu kupiga picha za ndani ya mwili, kiliwawezesha watafiti kuona mambo hayo hayo kwa watu walio hai, na walichokiona kiliwashtua. Huko Rotterdam, Uholanzi, wazee zaidi ya 1,000 wenye umri wa miaka 60 hadi 90, ambao hawakuwahi kuugua kiharusi wala demensia, walipigwa picha mwaka 1995 na 1996, na takriban mmoja katika kila watano alikutwa na kovu la kiharusi ambacho hakukijua. Walipofuatiliwa kwa miaka michache, wenye makovu hayo walipata demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na akili kiasi cha mtu kushindwa kujitegemea, kwa zaidi ya mara mbili ya wenzao, na hatari yao ya kupatwa na kiharusi cha wazi ilikuwa kubwa zaidi ya mara tatu. Madoa meupe ambayo MRI huonyesha pale mada nyeupe ilipoharibika hutoa onyo linalofanana na hilo: uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba wenye madoa hayo wana hatari ya kiharusi inayozidi mara tatu, na ya demensia inayokaribia mara mbili.

Kuita makovu haya ya kimya ni kutumia lugha ya hospitali tu, maana nyumbani kimya hicho huwa na dalili zake, ila hupewa jina la uzee. Mama aliyezoea kusimamia vyungu vitatu jikoni anaanza kuunguza kimoja kila anapogeukia kingine. Mzee aliyekuwa mwepesi wa hesabu dukani anarudisha chenji ile ile, sawasawa, lakini anachukua muda mrefu hadi wateja wanatazamana. Hatua zinakuwa fupi, nyayo zinaburuta, hamu ya mambo inapungua. Kumbukumbu yenyewe haipotei kwa namna ile ya ugonjwa wa Alzheimer, ambapo jambo jipya halihifadhiwi kabisa, kwani hapa mara nyingi mtu akidokezwa kidogo hukumbuka. Kilichoharibika ni njia za mawasiliano, na kasi ndiyo hutangulia kupotea.

Hata hivyo, mstari kati ya magonjwa hayo mawili haujanyooka kama vitabu vya zamani vilivyouchora. Katika utafiti mashuhuri wa watawa wa Kikatoliki nchini Marekani, uliotoa matokeo yake mwaka 1997, watawa ambao bongo zao zilionyesha alama zote za Alzheimer baada ya kufa walitofautiana sana walivyoishi: kati ya wale wasiokuwa na kovu lolote la kiharusi, asilimia 57 walikuwa wamepata demensia, lakini kati ya waliokuwa na lakuna moja au mbili tu katika sehemu za ndani za ubongo, idadi ilipanda hadi asilimia 93. Ubongo huweza kustahimili ugonjwa mmoja kwa miaka mingi, hadi wa pili unapouongezea mzigo. Kwa sababu hiyo desturi ya kukitenga kiharusi kama jambo la dharura, na kuiacha demensia kama jambo la wazee na Mungu wao, haina msingi katika mwili wenyewe.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na jijini Dar es Salaam, wagonjwa wapya wa kiharusi walihesabiwa kuanzia mwaka 2003 hadi 2006, na baada ya tofauti za umri kusawazishwa, Hai ilikuwa na wagonjwa takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, huku Dar es Salaam ikiwa na 316, kiwango kilichozidi vile vya nchi nyingi tajiri. Hai hiyo hiyo, takriban asilimia 70 ya wenye miaka 70 na zaidi walikutwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wanajua. Kuitambua demensia mahali ambapo wazee wengi hawakukaa darasani kulihitaji ubunifu, kwa kuwa vipimo vya kigeni humtaka mtu achore na kuandika. Ndipo ukabuniwa upimaji ambamo, pamoja na maswali machache, mzee huonyeshwa mchoro uliopangwa kwa njiti za kiberiti na kuombwa aupange wa kwake kama huo.

Mada nyeupe iliyokwisha kuharibika hairudi kwa dawa yoyote iliyopo, lakini mwendo wa uharibifu unaweza kupunguzwa. Katika utafiti wa Marekani ulioitwa SPRINT, watu zaidi ya 9,000 wenye miaka 50 na kuendelea waligawanywa, wengine wakitibiwa hadi namba ya juu ya presha ishuke chini ya 120, wengine chini ya 140, na matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba madoa ya mada nyeupe yaliongezeka polepole zaidi katika kundi la 120, na udhaifu wa akili wa hatua za awali ulipungua kwa asilimia 19. Demensia yenyewe ilipungua pia, lakini si kwa kiasi cha kutosha kuondoa shaka. Aspirini ya kila siku, ambayo wazee wengi wenye afya hujimezea kwa kujihami, haikuzuia demensia katika utafiti mkubwa wa Australia na Marekani uliotoka mwaka 2018, na iliongeza kutokwa na damu.

Shaka iliyoachwa na SPRINT imepunguzwa na utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2025, uliohusisha vijiji 326 na watu karibu 34,000 wenye miaka 40 na zaidi. Madaktari wa vijiji, ambao si madaktari wa shahada, walifunzwa kuanzisha dawa na kuongeza dozi hadi presha ishuke chini ya 130 kwa 80, na baada ya miaka minne demensia ilikuwa imepungua kwa asilimia 15 ikilinganishwa na vijiji vilivyoendelea na huduma ya kawaida. Dawa zilikuwa zile zile za presha zilizozoeleka. Miongoni mwa yaliyobadilika ni nani aliyeruhusiwa kuongeza dozi, na kwamba mgonjwa alimpata mtu huyo kijijini kwake.