Asili Iliyofichwa Chini ya Kasha

"Mwacha asili ni mtumwa." Methali hii nimeisikia tangu utotoni, chuoni, barazani na arusini. Katika ukoo wetu aliyekuwa akiitamka zaidi ni marehemu shangazi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Na kila alipoitamka, aliwakusudia watu wengine, si sisi.

Sisi tulikuwa na nasaba yetu. Iliandikwa kwa wino mweusi katika karatasi ndefu, fulani bin fulani bin fulani, mpaka ikafika Shihri katika pwani ya Hadhramaut. Ami yangu aliihifadhi ndani ya mwanzi uliozibwa kwa nta, na siku za Idi akitutolea na kutusomea, nasi watoto twahesabu vizazi kwa vidole mpaka vidole vikatwishia. Katika majina yote yale halikuwamo hata moja la mwanamke. Mtoto haulizi jambo kama hilo. Lakini hata nilipofikia utu uzima sikuliuliza, na kosa hilo ni langu.

Miaka kama ishirini iliyopita alikuja kijana kumposa binti wa ndugu yangu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mpole, mwenye kushika dini. Wazee wakakaa kikao, na kama ilivyo ada wakauliza kwao ni wapi na wazee wake ni kina nani. Mjumbe wake akamtaja baba, akamtaja na babu, fulani bin Abdallah, akakomea hapo. Nikaona wazee wakitazamana.

Ndugu msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa kwa nini walitazamana. Zamani, mtumwa aliyeachwa huru na ambaye baba yake hajulikani, aghalabu aliandikwa "bin Abdallah". Ndipo sauti ya shangazi ikatoka nyuma ya pazia: "Mwacha asili ni mtumwa. Na huyu hana hata asili ya kuiacha."

Posa ikarudishwa. Mimi nilikuwamo katika kikao kile, nimekaa karibu na mlango. Kijana yule nikimjua, kwani tukisali safu moja. Nilikuwa na la kusema, nikanyamaza.

KASHA LA NJUMU

Shangazi alifariki mwaka juzi, umri wake ukikaribia miaka tisini. Baada ya arubaini, wanawake wa nyumbani wakaniita nije nifungue kasha lake, kasha la msaji lenye njumu za shaba alilorithi kwa mama yake, yaani nyanya yangu mzaa baba. Ufunguo ulikuwa umefungwa katika pindo la leso yake.

Juu tulikuta kanga ambazo hazijapindwa, kipini cha dhahabu, vikuku vya fedha na chupa tupu ya mawardi. Chini yake msahafu wa chapa ya Bombay, na ndani ya jalada lake tarehe za kuzaliwa kwa watoto sita, baba yangu akiwa wa tatu. Chini yake tena bahasha yenye karatasi za magazeti zilizokatwa, zote za tanzia. Na chini kabisa, kwenye mbao zenyewe, palikuwa na kitambaa cheusi kilichokunjwa mara nyingi. Nilipokikunjua nilitambua kuwa ni kaniki.

Vijana wa leo huenda hawajui kaniki ilikuwa na maana gani. Ni nguo ya buluu iliyokoza mpaka ikawa nyeusi, na enzi za utumwa ilikuwa vazi la mwanamke mtumwa. Utumwa ulipokwisha, wengi waliitupa wakavaa kanga, wakajitanda buibui, ili asiwepo wa kuwanyooshea kidole. Basi kaniki ilitafuta nini katika kasha la nyanya yangu?

Jawabu lilikuwa ndani yake. Ulikuwamo waraka wa Kiarabu wenye muhuri wa kadhi na majina ya mashahidi wawili. Nilizoea kusoma hati za namna hiyo tangu chuoni, lakini huu niliurudia mara tatu. Bwana mmoja mwenye mashamba wa Takaungu amemwacha huru mjakazi wake kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Jina la mjakazi ni moja tu, katika yale majina ya kupangwa waliyopewa wajakazi. Kabila lake ni Mnyasa. Na mbele ya jina lake, kadhi ameandika: binti Abdallah.

Mwanamke huyo ndiye mama yake nyanya yangu.

Niliupeleka waraka kwa ami. Akavaa miwani, akausoma, akakaa kimya kitambo kirefu. Kisha akasema, "Mwanangu, hiki uchome."

Nikamwambia, "Ami, nichome jina la nyanya yako?"

Hakunijibu. Lakini hakuunyoosha mkono wake kuuchukua.

KUISOMA KARATASI

Tangu siku hiyo nimejifunza mambo ambayo napenda kumgawia msomaji, maana makasha kama lile yamo katika nyumba nyingi kutoka Vanga mpaka Lamu.

La kwanza ni tarehe. Waraka wetu ni wa mwaka 1325 Hijria. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladia kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo miaka 33 ya Hijria ni sawa na 32 ya Miladia. Ukitaka kujua mwaka kwa makisio, ugawe wa Hijria kwa 33, utoe jawabu katika mwaka wenyewe, kisha ujumlishe 622. Kwa 1325 utapata 1907. Kaburi mashuhuri la Gedi limeandikwa 802, nalo kwa hesabu hiyo ni la 1399 au 1400. Wataalamu wamelihesabu kuwa la 1399.

Mwaka wenyewe nao husema. Ni mwaka huo wa 1907 ambapo sheria iliondoa hadhi ya utumwa katika pwani ya Kenya, miaka kumi baada ya Unguja. Mabwana walipewa haki ya kudai fidia. Je, bwana yule alitaka thawabu kabla ya sheria, au aliona kuwa mambo yamekwisha? Waraka hausemi, nami simsemei.

La pili ni majina. "Mnyasa" halikuwa kabila moja. Liliwakusanya watu wengi wa pande za Ziwa Nyasa, ambao maelfu yao walipitishwa Kilwa na kupakiwa vyombo, mpaka Sayyid Barghash alipotia sahihi mkataba wa kukataza biashara hiyo baharini mwaka 1873. Na hata baada ya hapo wengine walipitishwa kwa siri. Huenda huyu mama yetu aliletwa mtoto, huenda alizaliwa huku huku kwa wazazi walioletwa. Ama "binti Abdallah", jina hilo humficha baba ambaye hakuna aliyejali kumwuliza.

La tatu ni mahali pa kutafuta. Mikataba ya kuuza na kuweka rahani mashamba ya Mombasa na Malindi iliandikishwa katika daftari tangu miaka ya 1890, na humo yamo majina ya wauzaji, wanunuzi na mashahidi, waungwana na walioachwa huru pia. Makao ya Nyaraka za Taifa, yaliyoundwa kwa sheria ya 1965, yako Nairobi katika barabara ya Moi, na humo zimo barua na ripoti za maofisa wa pwani wa enzi za Mwingereza. Wala msomaji Mwislamu asione ajabu akipelekwa na karatasi mpaka Rabai au Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamishenari mwaka 1875 kwa watumwa waliokombolewa. Mwanzoni mwa 1889 watoro zaidi ya 1,400 waliokimbilia kwa wamishenari walipewa hati za uhuru, na mabwana wao wakalipwa. Katika wale wa tumbo moja, mmoja aliweza kuishia msikitini na mwengine kanisani, na damu ikabaki ile ile.

TANZIA ZINAVYOSEMA

Lakini kilichonifikisha kwa watu walio hai si daftari ya serikali. Ni zile tanzia katika bahasha.

Tanzia ya kwetu ni nasaba iliyolazwa ubavu. Shajara hushuka toka baba mpaka mwana, bali tanzia humtaja marehemu pamoja na ndugu, mashemeji, wakwe, wajomba na wajukuu, na mji wa kila mmoja: huyu wa Mombasa, yule wa Lamu, mwengine wa Maskati. Wanawake ambao shajara imewasahau, tanzia huwataja. Siku hizi hutufikia kwa simu, tukaisoma, tukaomba dua, tukaifuta. Nakuomba msomaji, kabla hujaifuta inakili.

Miongoni mwa zile za shangazi ilikuwapo moja ya bibi mmoja wa Takaungu ambaye hakuna nyumbani kwetu aliyemjua. Pembeni shangazi alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi, kwa herufi za Kiarabu, neno moja: "wetu".

Nikaenda Takaungu. Ule mji wa Mazrui juu ya hori lao nimeupita mara nyingi nikienda Malindi, nisijue kuwa nina haki ya kugonga mlango ndani yake. Baada ya sala ya alasiri mzee wa msikiti akanionyesha nyumba. Ajuza mmoja akanipokea, akaniuliza mimi ni wa nani. Nilipomtaja nyanya yangu, alinishika mkono. Akasema kuwa alipokuwa mtoto, kila Idi mwanamke wa Mombasa akija na halwa na jozi za kanga, akilala siku mbili. "Kisha akakoma," akasema. "Mama yangu alituambia, msimlaumu, wanawe wameoa kwa watu wakubwa."

Nyanya yangu na mama yake ajuza yule walikuwa watoto wa mama mmoja. Kwa hiyo yeye kwangu ni shangazi, na ana watoto na wajukuu ambao wangaliweza kupishana nasi barabarani pasi na salamu.

NASABA YA KWELI

Tumefundishwa kuzijua nasaba zetu ili tuunge udugu. Suratul Hujurat imetueleza kuwa makabila yamewekwa ili watu wajuane, na kwamba utukufu uko katika uchaji. Tunaisoma, tunaihifadhi, kisha tunakaa vikao vya posa kana kwamba haikushuka.

Tena tuna kisa cha Zaid bin Haritha. Alikuwa mtumwa, Mtume wetu (s.a.w.) akamwacha huru na kumlea, watu wakamwita Zaid bin Muhammad. Ikashuka amri katika Suratul Ahzab kwamba watu waitwe kwa baba zao wa kweli. Angalia uzito wake: hata jina lile tukufu kuliko yote halikuachwa lichukue nafasi ya ukweli. Basi sisi ni nani hata tupunguze mama katika nasaba ili iwe nzuri machoni pa jirani?

Na hilo "bin Abdallah" lililowafanya wazee watazamane, maana yake ni mwana wa mja wa Mwenyezi Mungu. Nani kati yetu si mja wake? Baba mzazi wa Mtume wetu mwenyewe aliitwa Abdallah. Siku ile nilipokaa karibu na mlango, hilo nilikuwa nalijua.

Shangazi simhukumu. Alikuwa na moto jikoni kila siku, naye hakuuchoma ule waraka. Aliulinda na kuona haya nao, vyote viwili, mpaka akafa. Mwezi uliopita ami alinipa ule mwanzi wenye nasaba yetu, akaniambia nifanye nionavyo. Nimeinakili upya, na safari hii nimewaandika kina mama wote niliowapata, huyo wa Kinyasa akiwa mmoja wao. Kwa mazoea ya ushairi, nikaweka na ubeti mmoja chini yake:

Kasha nimelifungua, la nyanya mzaa baba,
Waraka nikautoa, uliowekwa akiba,
Mama nikamtambua, asiyemo kwa nasaba,
Jinale nimelitia, mstari wake si haba.

Yule binti wa ndugu yangu aliolewa kwengine, na sasa ana watoto. Nilimwita nikamwonyesha waraka na ile kaniki. Aliishika kaniki, akaipima kwa vidole. Kisha akaniuliza, "Ami, na yule mwalimu ameambiwa?"

Sikuwa na jawabu. Najua ni msomaji wa ukurasa huu tangu zamani, basi naliandika hapa: siku ile nilinyamaza, nawe hukuwa na upungufu tuliokupa. Namwomba anisamehe.