Mpira Urukao Juu ya Maneno: Filamu Fupi za Kuimbisha Hadhira Nchini Marekani

Wimbo wa watu wengi hauimbiki ila kila mmoja ayajue maneno, na ajue pia wakati wa kulitamka kila neno. Katika ngoma nyingi za Afrika Mashariki tatizo hili hutatuliwa kwa kiitikio: mwimbishaji hutoa ubeti, na waitikiaji hurudia fungu fupi ambalo hata mgeni hulishika baada ya kulisikia mara mbili. Maandishi hayahitajiki. Hali ilikuwa nyingine katika majumba ya senema ya Marekani mwanzoni mwa karne ya ishirini. Humo waliketi gizani mamia ya watu wasiojuana, wengi wao wahamiaji waliotoka nchi mbalimbali na wenye lugha zao. Ili watu hawa waimbe kwa pamoja, maandishi yenyewe yalifanywa kuwa mwimbishaji.

Desturi hiyo ilitangulia senema. Mwaka 1894 watunzi wawili wa New York, Edward B. Marks na Joseph W. Stern, waliutangaza wimbo wao kwa picha za kioo zilizotupwa ukutani kwa taa, huku mwimbaji akiimba kando yake. Shabaha ilikuwa biashara. Wimbo uliopendwa uliuzwa kwa nakala za karatasi, nazo zilinunuliwa na kila aliyekuwa na piano nyumbani. Baadaye majumba madogo ya senema yaliichukua mbinu hiyo ili kujaza muda wa kubadilisha filamu. Mwimbaji aliimba beti, na kibwagizo kilipoandikwa ukutani wote waliombwa waitikie. Picha ya kioo, hata hivyo, imesimama. Huonyesha maneno yote kwa mara moja bila kusema ni lipi linaloimbwa sasa, na asiyeujua wimbo hubaki nyuma.

Kasoro hii ndiyo iliyoondolewa na ndugu wawili, Max na Dave Fleischer. Max alizaliwa Kraków mwaka 1883 na kupelekwa Marekani akiwa mtoto mdogo. Kuanzia mwaka 1924 ndugu hao walitoa mfululizo wa filamu fupi ulioitwa Ko-Ko Song Car-Tunes, kwa jina la Ko-Ko, mchekeshaji wa katuni aliyekwisha kuwa maarufu. Kwanza Ko-Ko na wenzake hufanya vituko vyao. Kisha maneno ya wimbo hutokea mstari kwa mstari, na mpira mdogo mweupe hurukaruka juu yake, ukigusa kila silabi kwa wakati wake. Katika kibwagizo cha mwisho mara nyingi mpira huondoka, na nafasi yake hushikwa na kiumbe cha katuni anayekanyaga maneno na kuyageuza michezo.

Wengi hudhani kwamba mpira huo ulichorwa. Sivyo katika filamu za mwanzo. Ulikuwa kitu halisi, kilichofungwa kwenye ncha ya kijiti cheusi na kuongozwa kwa mkono juu ya maandishi, na upigaji picha ulifanywa kwa namna ya kuufanya weusi wote umezwe, kisionekane chochote ila mpira na maneno. Kwa hiyo mwendo wake haukuwa hesabu ya mchoraji. Ulikuwa mwendo wa mtu mwenye sikio la muziki, na pengine ndiyo sababu hadhira iliufuata kwa urahisi.

Kwa mwanafunzi wa lugha jambo la kuvutia ni kwamba mpira huo huhesabu silabi. Neno refu hugawanywa mbele ya macho ya msomaji, naye huona, huku akiimba, jinsi sauti inavyoafikiana na herufi. Kama mbinu hii ingetumiwa kwa utenzi wa Kiswahili, mpira ungeruka mara nane katika kila kipande, maana ndiyo mizani ya kawaida ya utenzi. Na katika neno "mtu" ungeruka mara mbili, kwa kuwa "m" hiyo ni silabi kamili ijapokuwa haina irabu. Hapo mpira ungekuwa mwalimu mwema kuliko vitabu vingi. Lakini haungeweza kuponya kasoro nyingine inayojulikana sana katika nyimbo za dini zilizotafsiriwa kufuata lahani za Ulaya, ambamo mkazo wa muziki huangukia silabi isiyostahili na kuiacha ile ya pili kutoka mwisho.

Sauti nayo iliingia mapema kuliko inavyosimuliwa. Baadhi ya filamu hizi zilitiwa sauti kwa mtambo wa Lee de Forest uitwao Phonofilm, ulioandika sauti kwenye ukanda ule ule wa picha. Katika "My Old Kentucky Home" ya mwaka 1926 mbwa wa katuni anasema maneno machache yanayoafikiana na kinywa chake, kabla ya "Steamboat Willie" ya Walt Disney iliyotolewa Novemba 1928. Lakini majumba mengi hayakuwa na mitambo ya sauti, na kampuni ya usambazaji, Red Seal, ilianguka. Mwaka 1929 ndugu hao walianza upya chini ya Paramount kwa jina la Screen Songs, na mfululizo huo ukaendelea hadi 1938. Safari hii waimbaji mashuhuri wenyewe walionekana katikati ya katuni, akiwamo Rudy Vallee.

Hapana budi kuuliza ni nyimbo gani walizoimbishwa watu hawa. Nyingi zilikuwa za mapenzi na za mzaha. Nyingine, kama "Dixie", zilitoka katika michezo ya jukwaani ambamo Wazungu walijipaka weusi usoni na kuwaiga Waafrika wa Marekani kwa kejeli; na "Dixie" ilikuwa pia wimbo wa majimbo ya Kusini yaliyopigania kudumisha utumwa. Mwenye kusoma shairi kimya aweza kulipinga moyoni. Mpira haumpi nafasi hiyo: silabi ikifika huimbwa, na inayofuata imekwisha wadia. Ubeti wa kwanza wa "My Old Kentucky Home", katika maneno ya Stephen Foster ya mwaka 1853, una neno la dharau kwa watu Weusi. Jimbo la Kentucky lilingoja hadi mwaka 1986 kulibadilisha neno hilo katika wimbo huo, ambao ni wimbo rasmi wa jimbo.

Wakati huo huo waimbaji Weusi nao walionekana katika Screen Songs. Mills Brothers, ndugu wanne walioweza kuiga ala za muziki kwa vinywa vyao, walitokea katika "I Ain't Got Nobody" mwaka 1932 na "Dinah" mwaka 1933, na hadhira yote ikaalikwa kuimba pamoja nao. Katika majumba mengi ya Kusini watazamaji Weusi waliwekwa roshani ya juu, na katika mengine hawakuruhusiwa kuingia kabisa.