Injini Inayokufa Mara Mbili: Hasara Iliyojificha ya Malori ya Malukhu

Malukhu, eneo la viwanda la Mbale, linaishi kwa malori. Kahawa ya Mlima Elgon hushuka kutoka Bududa, Sironko na Kapchorwa. Saruji huja kutoka Tororo. Sukari ya Kakira hutoka upande wa Jinja ikipitia Iganga na Tirinyi. Mahindi na vitunguu huenda popote penye mnunuzi. Reli ya Tororo kwenda Soroti, inayopita hapa Mbale, imedhoofika kwa miaka mingi, na mzigo wake umehamia kwenye Fuso na Isuzu ambazo nyingi zilikwisha kufanya kazi nchi nyingine kabla ya kufika Uganda. Wenye malori hulalamikia bei ya dizeli, matairi na ushuru, na wana haki. Lakini ipo hasara moja isiyosemwa vya kutosha: injini inayofunguliwa kwa tatizo la oili, ikafungwa kwa gharama kubwa, kisha ikarudi gereji na tatizo lile lile kabla msimu wa kahawa haujaisha. Hoja yangu ni kwamba marudio haya ni matokeo ya biashara yetu ya matengenezo kuliko ya ubovu wa mashine. Tunalipia spea na nguvu ya mkono, lakini kazi ya kutafuta chanzo cha ubovu haina bei, na kisichokuwa na bei hakifanywi.

Tuangalie kwanza fedha inapopotelea. Krenki ya injini ya dizeli huzunguka juu ya utando mwembamba wa oili, katika nafasi ambayo kwa kawaida ni ndogo kuliko sehemu moja ya kumi ya milimita au inayoikaribia. Presha ya oili ikishuka, utando hukatika, chuma hugusa chuma, beringi huungua na injini hunoki. Injini hushushwa, krenki hupelekwa kusagwa, na beringi za saizi inayofuata huwekwa. Hapo ndipo mwenye lori anapaswa kusimama na kuhesabu. Beringi hizi kwa kawaida huuzwa kwa hatua za robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Maana yake krenki inaweza kusagwa mara nne hivi, kisha inabaki chuma chakavu. Kila inaposagwa pasipo mtu kujua kwa nini beringi iliungua, sehemu ya mtaji wa lori imekwenda na haitarudi. Bima ya kawaida ya gari hailipi uchakavu wa injini. Benki nayo haingoji: riba ya Benki Kuu ya Uganda iliwekwa asilimia 9.75 mnamo Oktoba 2024, na benki za biashara huwatoza wakopaji juu zaidi ya hapo. Lori likikaa juu ya mawe, rejesho la mkopo linaendelea kudaiwa kana kwamba liko barabarani.

Presha ndogo ya oili ni dalili yenye vyanzo vingi, na vyanzo hivyo havitibiwi kwa dawa moja. Nozeli inayovuja au sili ya pampu ya dizeli iliyochoka huingiza dizeli ndani ya oili, nayo huwa nyepesi kama maji. Hapa dereva hudanganyika vibaya, kwa sababu akichomoa kijiti cha kupimia anaona kiwango kimepanda, akafurahi kwamba injini haili oili, kumbe angekinusa angesikia harufu ya dizeli. Kipoza oili kikitoboka, maji ya radieta na oili huchanganyika, na matokeo yake ni ule ujiuji wa rangi ya maziwa. Filta ya hewa isiyokaa sawasawa huingiza vumbi la murram, na vumbi hilo husaga ringi na silinda kwanza, kisha hushuka kwenye oili. Bomba la kunyonya oili kwenye sampu likiwa na ufa mdogo, pampu mpya kabisa itavuta hewa. Valvu ya kupunguza presha ikikwama wazi, oili hurudi kwenye sampu kabla ya kufanya kazi yake. Na kipo chanzo ambacho, kwa maoni yangu, ndicho baba wa marudio: chembe za beringi ya kwanza iliyoungua zilizobaki ndani ya kipoza oili na kwenye njia za ndani ya bloku. Fundi amefunga beringi mpya, krenki inang'aa, lakini kipoza kimerudishwa bila kufunguliwa wala kuoshwa. Injini ikiwaka, oili moto inasomba chembe zile. Filta inazinasa, lakini ikijaa au ikiwa oili ni nzito, valvu yake ya pembeni hufunguka, na oili isiyochujwa inakwenda moja kwa moja kwenye beringi mpya.

Ushahidi wa haya yote hupatikana gerejini kwa vifaa vya bei ndogo. Filta ya zamani, badala ya kutupwa, ikatwe kopo lake, karatasi yake itandazwe juani na kupitishwa sumaku. Chembe zinazoruka kwenye sumaku ni chuma, pengine za krenki, gia au silinda. Zinazobaki zikimeta rangi ya shaba ni za beringi, na zinasema kwamba tabaka laini la juu lilikwisha zamani. Tone la oili likidondoshwa kwenye karatasi nyeupe na kuachwa usiku kucha, duara jeusi la katikati huonyesha masizi, na pete nyepesi inayotambaa mbali huashiria dizeli. Beringi zilizotolewa zipangwe juu ya gunia kwa namba za silinda zake, kila moja mahali pake. Zikimwagwa zote kwenye kopo moja, kama inavyofanyika mara nyingi, habari yote imemwagwa pamoja nazo.

Wengi watasema chanzo kinajulikana tayari: oili bandia na spea bandia. Sipuuzi jambo hilo. Bidhaa bandia zipo sokoni, na Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, lina kazi kubwa mbele yake. Lakini jibu hilo limekuwa rahisi mno, na linafunga uchunguzi kabla haujaanza. Oili mbovu hupita kwenye pampu moja na kufika kila mahali; hutarajiwa kuacha alama kwenye beringi zote, kwenye kemshafti na kwenye turbo kama ipo. Ni kweli beringi za konrodi hutangulia kufa, maana hupata oili baada ya beringi kuu. Lakini ikiwa ni beringi ya silinda moja tu iliyoungua na nyingine zote ni nzima, atafutwe mkosaji aliye karibu: tundu la oili lililoziba, konrodi iliyopinda, au krenki iliyosagwa vibaya. Kwa upande wa pili, kununua oili ya daraja la juu kabisa hakuponyi injini inayoingiza dizeli. Injini nyingi za malori haya zilibuniwa enzi za daraja la API CF-4, lililotoka mwaka 1990, na oili halisi ya daraja hilo au lililo juu yake huzitosha zikiwa hazina kasoro nyingine.

Wapo wanaoulaumu mlima. Lori limekufa likipanda Kapchorwa na mzigo, basi mzigo ndio ulioua. Kupakia kupita kiasi ni kosa na ni hatari kwa roho za watu, wala silitetei. Hata hivyo mwinuko mara nyingi hufichua ugonjwa uliokuwepo: oili hupata joto, huwa nyepesi, na kipoza kilichoziba nusu ambacho kilivumilika kwenye tambarare ya Tirinyi kinashindwa. Wengine hukata shauri kununua injini ya mtumba kutoka soko la Kisekka, Kampala. Mara nyingine huo ni uamuzi mzuri, mradi injini hiyo isifungiwe kipoza, hosi na radieta vile vile vilivyoiua ya kwanza.

Pingamizi zito zaidi ni la muda. Mwenye lori anamwambia fundi, “Fundi, kesho lori litoke, mteja ananingoja.” Namwelewa. Lakini siku moja ya kupima inalinganishwa na siku nyingi za kushusha injini upya, pamoja na hatua nyingine ya robo milimita kwenye krenki. Fundi naye hana sababu ya kubishana, kwa kuwa akitumia siku nzima kupima na kugundua ufa wa bomba dogo, atalipwa kidogo kuliko aliyebadilisha injini nusu. Ndiyo maana napendekeza ada ya uchunguzi ikubaliwe peke yake kabla ya spana kushikwa, na ilipwe hata kama spea haitanunuliwa. Umoja wa wenye malori wachache unaweza kununua geji ya kupimia presha ya oili na kuiazimisha kwa zamu, kwa sababu taa ya dashibodi huwaka mambo yakiwa yamekwisha kuharibika. Chuo cha ufundi cha UTC Elgon kiko hapa hapa Mbale, na mafundi waliojifunza kazini wanaweza kupimwa na kupewa vyeti rasmi. Kusoma beringi na filta kunastahili kupimwa katika mitihani hiyo kwa uzito ule ule wa kufunga injini.

Mpaka hayo yafanyike, mwenye lori ana nguvu moja mkononi, nayo ni malipo ya mwisho. Kabla ya kuyatoa, dai mambo matatu: beringi za zamani zikiwa na namba zake, filta iliyokatwa, na karatasi iliyoandikwa presha ya oili injini ikiwa imepata moto, ikinguruma bila mwendo na ikikanyagwa. Fundi asiyeweza kukupa hayo hajamaliza kazi, hata kama injini inawaka.