Pikipiki ya marehemu baba: tuanze na breki, rangi ije baadaye

Katika nyumba nyingi za mijini, nyuma ya banda la kuku au chini ya ngazi, ipo pikipiki iliyofunikwa turubai. Aghalabu ilikuwa ya baba, au ya babu, aliyekuwa bwana shamba, mwalimu mkuu au mganga wa zahanati, akaiendesha mpaka alipostaafu. Haiuzwi, haitupwi, wala haitembei. Juma hili nataka tuizungumzie pikipiki hiyo, kwani vijana wengi siku hizi wamepata ari ya kuifunua, kuifufua na kuipamba, tena wenyewe, nyumbani, kwa spana za kuazima. Ari hiyo ni njema. Ila wengi wao huanzia mwisho.

Wanaanziaje mwisho? Kijana akipata fedha kidogo, kitu cha kwanza kununua ni rangi. Tangi linapigwa msasa na kupakwa nyeusi ya kung'aa. Siti inakatwa ikawa fupi. Madigadi ya nyuma inaondolewa. Jumamosi ya tatu pikipiki imependeza hata majirani wanasimama kuitazama, lakini injini haijawashwa na breki hazijafunguliwa. Fedha zimekwisha. Basi pikipiki hurudi chini ya turubai ikiwa na rangi mpya. Au, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi, injini inawaka kwa bahati na kijana anaingia nayo barabarani.

Tuchukue mfano mmoja, Honda CG 125. Naichagua kwa sababu ilibuniwa kwa ajili ya watu kama sisi. Ilitoka mwaka 1976, na mwaka huo huo Honda walianza kuiunda pia katika kiwanda chao kipya cha Manaus, nchini Brazil. Wahandisi wa Kijapani walikuwa wameona kwamba katika nchi zetu pikipiki hubeba mizigo mizito, hupita kwenye vumbi, na oili yake hubadilishwa kwa nadra. Kwa hiyo waliacha ile cheni ndogo inayozungusha kemu juu ya kichwa cha injini, wakarudia mtindo wa zamani wa fimbo za kusukuma valvu. Injini ikawa haina mbio, lakini ikawa na vitu vichache vya kuharibika. Kwa fundi wa nyumbani hiyo ni neema.

Kabla ya spana, hata hivyo, itafutwe kadi. Chukua tochi, kisugulie grisi na kutu, usome namba ya fremu na namba ya injini, kisha uzilinganishe na zilizoandikwa kwenye kadi. Zikipishana, ni heri ujue leo kabla hujatumia shilingi. Na kama kadi ina jina la marehemu, chombo hicho ni sehemu ya mirathi. Msimamizi wa mirathi ndiye mwenye mamlaka ya kukihamisha, si mtoto mwenye ufunguo wa stoo. Nimeona ndugu wakiacha kusalimiana kwa sababu ya vitu vidogo kuliko pikipiki. Waulizwe mapema, pikipiki ingali na kutu, maana ikishang'aa kila mtu ataikumbuka.

Sasa tuifungue. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Skrubu za pikipiki za Kijapani zina alama ya msalaba, lakini msalaba wake si sawa na ule wa bisibisi nyingi tulizo nazo. Bisibisi ya kawaida huteleza na kuukata msalaba, na skrubu ikishakatwa kichwa, kazi ya dakika moja inakuwa ya siku nzima. Tafuta bisibisi ya Kijapani, au ile ya kugonga kwa nyundo, ambayo hukandamiza na kuzungusha kwa wakati mmoja. Weka mafuta ya kulainisha kutu usiku, fungua asubuhi. Kila kinachotoka kitiwe katika kopo lake, na kopo liandikwe. Simu nayo ina kamera. Piga picha kabla ya kufungua, maana waya wa kijani uliokuwa wazi leo utakuwa fumbo mwezi ujao.

Injini iliyolala miaka kumi isipigwe kiki kwa nguvu. Ringi za pistoni huenda zimeshikana na silinda kwa kutu. Toa plagi, mimina vijiko viwili vitatu vya dizeli au oili nyepesi katika tundu lake, uiache siku kadhaa. Kisha ingiza gia ya juu na usukume gurudumu la nyuma taratibu, mbele na nyuma, mpaka uhisi limelegea. Kabureta karibu daima itakuwa imeziba, kwani petroli iliyokaa hugeuka kuwa gundi, na tundu zenyewe ni nyembamba kama sindano. Zizibue kwa waya laini wa shaba au kwa upepo wa pampu. Waya mgumu huzipanua, na injini itakunywa mafuta siku zote.

Tangi lenye kutu ndani husafishwa kwa siki. Tia siki, tia nati chache, tikisa, acha siku moja, mwaga, suuza kwa maji ya magadi, likaushe upesi juani, kisha lipake oili ndani. Nati zihesabiwe zikiingia na zikitoka. Kama tangi limetoboka, usikubali kulichomelea kienyeji ati kwa sababu lina miaka mingi bila petroli. Mvuke wa petroli hujificha katika mikunjo ya bati na kutu, na cheche moja yatosha kulipasua tangi mbele ya uso wa mtu.

Vipuri je? Hapa kuna habari njema. Pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria mjini zina injini zilizonakiliwa kutoka CG, kwa hiyo Kariakoo hukosi pistoni, gasketi wala klachi. Lakini hazilingani zote. Soma herufi zilizogongwa kwenye injini. Ukiona 156FMI, tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, yaani moja, na 56 ni upana wa silinda kwa milimita. Ukiona 162FMJ, upana ni milimita 62. Hiyo ni ya 150, na pistoni yake haitaingia katika CG yako hata muuzaji akuapie. Pistoni ya CG 125 ni milimita 56.5. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, na ikiwezekana na kifaa cha kupimia.

Nimefika kwenye breki. Hapa naomba msikilizaji asiwe na haraka. CG za zamani zina breki za ngoma mbele na nyuma. Ukifungua, usipulize lile vumbi kwa mdomo wala kwa pampu. Breki shuu za zamani nyingi zilikuwa na asbesto, na asbesto haitoki tena mapafuni. Futa kwa kitambaa kibichi, ukitupe. Shuu zilizong'aa kama kioo au kulowa oili zibadilishwe zote mbili, hata kama bado ni nene. Spring zake nazo zibadilishwe. Kile kijiti kinachozitanua kipakwe grisi kidogo sana, kwani grisi ikizidi itafika kwenye shuu.

Kisha wakati wa kurudisha gurudumu la mbele, angalia jambo moja. Kifuniko kinachobeba shuu kina mfereji pembeni, na kwenye foku kuna kinundu. Kinundu lazima kikae ndani ya mfereji. Ndicho kinachozuia kifuniko kisizunguke unaposhika breki. Kikikaa nje, pikipiki itatembea vizuri kabisa uani, na breki zitaonekana zinashika. Siku utakaposhika breki kwa nguvu mbele ya daladala, kifuniko kitazunguka pamoja na gurudumu, waya utajikunja, gurudumu litakwama, na dereva atarushwa mbele. Kule nyuma kazi hiyo inafanywa na chuma kinachofunga kifuniko kwenye mkono wa gurudumu. Bolti yake iwe na pini, na pini iwe mpya.

Matairi yasihukumiwe kwa meno yake. Tairi lililokaa miaka ishirini lina meno lakini mpira umekufa. Pembeni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara: 2315 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2015. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Litundike bembea ya watoto.

Baada ya hapo ndipo tuje kwenye mapambo. Mtindo wanaoupenda vijana, wa usukani wa chini na siti fupi yenye kinundu nyuma, ulizaliwa Uingereza miaka ya 1950 na 1960, vijana wa London walipokuwa wakishindana mbio kutoka mkahawa mmoja hadi mwingine. Ace Cafe ndio mashuhuri kati yao. Sina ugomvi na mtindo huo. Lakini wale walikuwa na barabara za lami, na hawakuwa na shangazi wa kumpeleka kliniki. Siti ikifupishwa, abiria amefutwa. Madigadi ikiondolewa, mvua za masika zitakuchora mstari wa tope kutoka kiunoni hadi kisogoni. Kichujio cha hewa kikitolewa ili injini ipate sauti, vumbi letu litaisaga silinda upya, na zile fedha za pistoni zimepotea.

Kama ni lazima kukata fremu, mkato usifike mbele ya mahali shokapu za nyuma zinapofungwa, na wa kuchomelea awe fundi aliyezoea mabomba ya chuma, si wa mageti. Ukitaka taa kali, kumbuka CG za mwanzo zilitumia umeme wa volti 6. Taa ya volti 12 humo itawaka kama kibatari. Rangi ndiyo ya mwisho, na ikiwa ni tofauti na iliyo kwenye kadi, kadi nayo ipelekwe ikabadilishwe, maana askari wa barabarani anasoma yote mawili.

Na vile vipande ulivyovitoa, madigadi, siti ya zamani, mkono wa kubebea mzigo, vifungwe pamoja na kuwekwa darini. Baba mdogo akija likizo kutoka kijijini, lazima ataviulizia.